Krediti za chuo kwa bei nafuu Marekani: chagua kwanza chuo utakachomalizia, ndipo ununue krediti

#1 Mwanakigoma_MI

Habari za humu ndani wakuu.

Uzi huu ni wa ndugu zetu walioko Marekani, hasa wale wa maghala, viwanda vya nyama na nyumba za wazee, ambao chuo wanakitaka kwa dhati lakini wakiona ada wanafunga ukurasa. Nimekuwa nikiwasaidia watu wa jamii yetu hapa Michigan kujaza FAFSA (fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa ada) na kutafuta njia nafuu, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: krediti (vipimo vya masomo unavyokusanya mpaka upate digrii) za mtandaoni za dola 99 kwa mwezi, na mitihani ya kuruka kozi, ni mambo ya kweli au ni utapeli?

Ni mambo ya kweli. Tatizo ni kwamba wengi wanayaanzia mwisho. Mtu ananunua krediti kwanza, halafu ndipo anatafuta chuo cha kuzipokea. Fanya kinyume chake. Jua kwanza chuo kitakachokupa digrii na kozi wanazodai, kisha ipitie orodha yao kozi moja moja ukiuliza: hii naweza kuipata wapi kwa bei ya chini, na wao wakaikubali? Mengine yote nitakayoandika hapa yanasimama juu ya hilo.

Hesabu yenyewe

Digrii ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120. Kozi nyingi ni za krediti 3, kwa hiyo zungumzia kozi kama 40. Kwa takwimu za College Board (shirika la Marekani la mitihani na takwimu za vyuo) za mwaka wa masomo 2024-25, ada ya wastani kwa mwaka ilikuwa dola 4,050 kwenye vyuo vya jamii (vile vya miaka miwili, ambavyo wengi tunaviita komyuniti tu), dola 11,610 kwenye vyuo vikuu vya umma kwa mkazi wa jimbo, na dola 43,350 kwenye vyuo binafsi visivyo vya kibiashara. Gawanya kwa krediti 30 za mwaka uone. Kozi ileile ya utangulizi wa saikolojia inakugharimu karibu dola 405 komyuniti, karibu 1,160 chuo kikuu cha umma, na zaidi ya 4,300 chuo binafsi. Mtihani wa CLEP (ukiufaulu, chuo kinaweza kukupa krediti bila kuisoma kozi) wa somo hilohilo ni chini ya dola 100, na ukiongeza ada ya kituo cha mtihani kwa kawaida bado hufiki 150.

Mwajiri hatakuuliza saikolojia ya mwaka wa kwanza uliisomea wapi. Cheti kitaandikwa jina la chuo ulichomalizia. Kwa nini ulipe 4,300?

Namna ya kukisoma chuo kabla hujatoa hela

Nenda kwenye tovuti ya chuo unachokilenga, tafuta mambo matatu. La kwanza, sera yao ya kuhamisha krediti. La pili, jedwali la mitihani ya CLEP. La tatu, idadi ya krediti ambazo lazima uzisome kwao wenyewe. Vyuo vingi vinadai angalau 30 kati ya 120 ziwe zao, na mara nyingi hizo 30 ni za ngazi ya juu, za mwaka wa tatu na wa nne. Kwa hiyo hata ukikusanya krediti 110 nje, huenda wakachukua 90 tu au pungufu.

Hilo jedwali la CLEP nataka nikae nalo kidogo, maana ndipo watu wanapopitiwa. Kwa kawaida lina safu nne: jina la mtihani, alama ya chini, idadi ya krediti, na kozi inayolingana nayo pale chuoni. Macho yote yanakimbilia safu ya tatu. Soma ya nne. Ukikuta namba ya kozi kamili, mfano PSY 101, maana yake umeifuta kozi hiyo kwenye orodha yako. Ukikuta wameandika ni krediti ya hiari tu, utaongezewa 3 kwenye jumla lakini kozi inayodaiwa na programu yako itabaki palepale, na utailipia tena. Mtihani mmoja, alama ileile, vyuo viwili vya jimbo moja, na majibu yanaweza kupishana kabisa.

Ukimaliza kusoma, andika barua pepe kwa ofisi ya msajili au kwa mshauri wa masomo. Taja mtihani au kozi kwa jina lake kamili, taja programu unayotaka kusoma, uliza italingana na kozi gani. Jibu la mdomo kwenye simu halitoshi. Lihifadhi lile la maandishi.

CLEP

Hii ni mitihani ya College Board, ipo tangu 1967, iko 34, na vyuo zaidi ya 2,900 vinaipokea kwa viwango tofauti. Mingi ni ya dakika 90 hivi kwenye kompyuta. Alama zinaanzia 20 hadi 80, na baraza linaloitwa American Council on Education, ACE, linapendekeza 50 iwe ya kufaulu. Ukiacha ile yenye sehemu ya kuandika, matokeo unayaona palepale kwenye skrini kabla hujainuka. Ukishindwa unasubiri miezi mitatu, na kushindwa hakuingii kwenye GPA, yaani wastani wa alama zako. Kufaulu pia hakuingii, jambo ambalo wenye mipango ya udaktari wanapaswa kulifikiria.

Kuna shirika linaitwa Modern States. Linatoa kozi za mtandaoni bure za kujiandaa na CLEP, na ukimaliza kozi pamoja na maswali yake unaomba vocha inayolipia ada ya mtihani. Nimeona watu wakishuku kwa sababu ni bure. Ni halali. Jisajili, maliza, omba vocha, kisha uitumie unapojiandikisha College Board.

Sasa ndugu zangu Wakongomani, hapa nawaomba msome polepole. Wengi wenu mmesoma sekondari kwa Kifaransa, wengine mkiwa kambini Nyarugusu kwa mtaala wa Kongo, wengine Uvira, Bukavu au Lubumbashi. CLEP ya Kifaransa ina maswali 121. Vipande viwili vya kwanza ni vya kusikiliza, jumla dakika 30, cha tatu ni kusoma, dakika 60. Hakuna kuandika insha, hakuna kuzungumza. ACE inapendekeza krediti 6 kwa alama 50, na krediti 9 kwa alama 59. Krediti 9 kwenye chuo binafsi ni kama dola 13,000 kwa hesabu ya hapo juu. Kijana aliyefaulu Diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari Kongo, anaifanya asubuhi moja.

Angalizo: baadhi ya vyuo havitoi krediti kwa lugha uliyosomea sekondari au wanayoihesabu kuwa ni yako ya kuzaliwa. Uliza kwanza.

Kiswahili hakimo kwenye CLEP. Lakini kimo kwenye OPI ya ACTFL, mtihani wa kuzungumza lugha kwa mahojiano ya moja kwa moja kwa simu, na mitihani rasmi ya ACTFL ina mapendekezo ya krediti ya ACE. Bei yake ni juu kuliko CLEP, ila chuo kinachodai lugha ya kigeni kama sharti la kuhitimu kinaweza kukuondolea mihula kadhaa ya madarasa. Binafsi ningependa kuona vijana wetu wengi zaidi wakidai haki hiyo, maana nimeona mtu anayeota kwa Kiswahili akilipia Kihispania cha mwanzo kwa sababu tu hakuna aliyemwambia.

Sophia na wenzake

Sophia Learning ndiyo ile ya dola 99 kwa mwezi. Unasoma kozi mbili kwa wakati mmoja, ukimaliza moja unafungua nyingine, kwa hiyo mwenye muda na nidhamu anamaliza kozi kadhaa ndani ya mwezi. Majaribio unafanya nyumbani bila msimamizi, na baadhi ya kozi zina kazi za kuandika zinazosahihishwa na mtu. Study.com ni ghali zaidi lakini ina kozi za ngazi ya juu, na mtihani wa mwisho unasimamiwa. StraighterLine ni nyingine ya namna hiyo.

Elewa kitu kimoja: Sophia si chuo. ACE wamezikagua kozi zake na kupendekeza krediti. ACE nao hawatoi krediti wala ithibati, wanapendekeza tu. Mwenye uamuzi ni chuo. Vipo vinavyozipokea kwa wingi, Western Governors University kwa mfano, na vipo vikubwa vya umma ambavyo havitaki hata kuziona. Ukinunua bila kujua unaenda wapi, umenunua tiketi ya basi bila kuuliza linaelekea mji gani.

Komyuniti

Hapa wengi wanapadharau na ndipo ninapopapenda kuliko pote. Kama una grini kadi, ni mkimbizi au umepewa hifadhi, unaweza kuomba Pell Grant kupitia FAFSA. Kiwango cha juu kwa 2024-25 kilikuwa dola 7,395, na si mkopo. Linganisha na ile 4,050. Kwa familia yenye kipato kidogo, ada ya komyuniti inaisha na mara nyingi chenji inabaki ya vitabu na nauli.

Majimbo mengine yameongeza ya kwao. Tennessee walianza na Tennessee Promise mwaka 2015 kwa wanaotoka sekondari, kisha Tennessee Reconnect mwaka 2018 kwa watu wazima. Hapa kwetu Michigan Reconnect ilianza 2021: una miaka 25 au zaidi, umeishi jimboni mwaka mmoja au zaidi, umemaliza sekondari na huna digrii, ada ya komyuniti ya eneo lako inalipwa. Massachusetts nao walianzisha ya kwao 2023.

Na kuna makubaliano ya uhamisho. Michigan yanaitwa Michigan Transfer Agreement: ukikamilisha angalau krediti 30 za masomo ya msingi kwa utaratibu wao, vyuo vikuu vinavyoshiriki vinazipokea kama kifurushi kizima badala ya kubishana kozi kwa kozi. Majimbo mengi yana kitu kama hicho. Uliza jina lake jimboni kwako kabla hujachagua hata kozi moja.

Kwa hiyo njia ninayoipendekeza kwa mtu wa kawaida wa kwetu: komyuniti kama shina, CLEP mbili tatu kwa yale unayoyajua tayari, kisha chuo kikuu cha umma kwa miaka miwili ya mwisho. Sophia ninaileta tu pale chuo cha mwisho kimeandika kwamba kinaipokea.

Maswali karibuni, nitajibu kadiri nitakavyoweza.

---

#2 Binti_Uvira

Kaka Mwanakigoma, Mungu akubariki. Mimi niko Lexington, Kentucky, nilisoma Kifaransa mpaka mwisho wa sekondari na sijawahi kusikia hiyo CLEP. Ila nina swali. Nina cheti changu cha Diplôme d'État, lakini mume wangu hakumaliza sekondari sababu ya vita. Yeye aanzie wapi?

#3 Mwanakigoma_MI

Dada, karibu sana. Shemeji aanze na GED, mtihani unaochukua nafasi ya cheti cha sekondari. Madarasa ya maandalizi kwa watu wazima hutolewa bure sehemu nyingi, mara nyingi na hiyohiyo komyuniti au maktaba. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: akipata alama 175 hadi 200 kwenye somo la GED, ACE inapendekeza apewe krediti za chuo kwa somo hilo, jumla inaweza kufika 10 kwa masomo yote manne. Yaani mtihani wa kumalizia sekondari unamfungulia na chuo. Tena chuo kinapaswa kuwa kinazipokea, kwa hiyo aulize.

Wewe cheti chako kitahitaji tathmini. Usikimbilie kulipa kampuni yoyote uliyoiona Facebook. Waulize chuo wanapokea tathmini ya nani. Wengi wanataka shirika lililo mwanachama wa NACES, kama WES au ECE. Ukifika CLEP, beba kitambulisho cha serikali chenye picha na sahihi, na wakati wa kujiandikisha chagua chuo cha kupelekewa matokeo, maana hiyo ya kwanza ni bure.

#4 Nesi_wa_Zamu_ya_Usiku

Uzi mzuri mkuu, lakini naomba niongeze kwa sauti kubwa kwa sababu nusu ya watu wetu wanataka unesi.

Mimi nilianza CNA (msaidizi wa nesi), nikapanda hadi RN (nesi aliyesajiliwa). Anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia, kemia: hizo msizitafutie njia ya mkato. Shule nyingi za unesi zinataka kozi za sayansi zenye maabara na zenye alama ya herufi, A au B, kwa sababu wanapanga waombaji kwa GPA ya masomo hayo. CLEP na Sophia hazina GPA. Unaweza ukawa na krediti halali kabisa na ukakosa nafasi kwa sababu hawana cha kukupima nacho. Tena shule nyingi zinaweka ukomo wa muda, sayansi isiwe imezidi miaka mitano au saba. Mtu anazichukua mapema kwa haraka, analea watoto, akirudi zimeshaisha muda.

Ninachowaambia wadogo zangu kazini: Kiingereza cha kuandika, saikolojia, sosholojia, historia, hizo punguza gharama popote panapokubalika. Sayansi kaa nayo darasani komyuniti, pata A yako, mjue mwalimu wako kwa sababu barua ya mapendekezo utaihitaji.

Na msikilize programu yenu inasema nini hata kwenye hizo laini. Kuna shule inayokubali saikolojia ya utangulizi kwa CLEP lakini saikolojia ya ukuaji wanaitaka darasani.

#5 Mwanakigoma_MI

Dada nesi, asante kutoka moyoni. Hili nilikuwa nimeligusa juujuu, wewe umelimaliza. Wanaotaka unesi, post #4 ndiyo ya kuhifadhi.

Kwa wanaolenga udaktari au famasia ni hivyohivyo, na zaidi. Biolojia, kemia na fizikia zisomwe kwenye chuo chenye maabara, kwa alama.

#6 Nai_to_Dallas

Wadau hamjambo. Mimi niko hapa na viza ya mwanafunzi, F-1. Ada ya mgeni inaniumiza vibaya sana, na najua Pell si yangu. Naweza kufanya hizi CLEP na Sophia ama uhamiaji watanisumbua?

#7 Mwanakigoma_MI

Ndugu, mtihani wa CLEP kufanya unaweza, hakuna kosa. La kuangalia ni mzigo wa masomo. Kila muhula lazima uwe umejiandikisha kikamilifu chuoni kwako, ambayo kwa digrii ya kwanza ni krediti 12 kwa kawaida, na katika hizo ni kozi moja tu ya mtandaoni, au krediti 3, inayohesabiwa. CLEP na Sophia hazimo kwenye hesabu hiyo kabisa. Kwa hiyo unazifanya juu ya mzigo wako wa kawaida, na faida yake ni kupunguza idadi ya mihula mpaka mwisho. Kwa anayelipa ada ya mgeni, muhula mmoja uliopungua ni hela nyingi: kwa takwimu zilezile za College Board, mtu asiye wa jimbo alilipa wastani wa dola 30,780 kwa mwaka kwenye chuo kikuu cha umma.

Jingine, ukiwahi kufupisha masomo tarehe yako ya kumaliza inasogea, na mambo ya I-20 (hati ya chuo inayobeba viza yako) na kibali cha kazi baada ya masomo yanasogea nayo. Zungumza na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla, si baada. Na kama una matokeo ya A-level, yapeleke. Baadhi ya vyuo hutoa krediti kwa A-level na mwanafunzi asipouliza hakuna atakayemkumbusha.

#8 Mwanakigoma_MI

Nimesahau kitu kikubwa kwenye post ya kwanza: mwajiri.

Amazon wana Career Choice. Mfanyakazi wa saa akishatimiza siku 90 analipiwa ada moja kwa moja kwenye vyuo walivyokubaliana navyo, halipi kwanza akasubiri kurudishiwa. Walmart wana Live Better U. Starbucks tangu 2014 wanawalipia wafanyakazi wasome mtandaoni Arizona State University. JBS, wa viwanda vya nyama, wana Better Futures, ambayo inalipia chuo cha jamii kwa mfanyakazi na pia kwa watoto wanaomtegemea. Ndugu zetu wamejaa kwenye viwanda hivyo na nakutana na wazazi wanaokopa ada ya mtoto huku fomu iko ofisi ya rasilimali watu umbali wa hatua chache kutoka mashine anayosimama.

Sheria ya kodi inamruhusu mwajiri kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi. Hata kwenye kampuni ndogo, uliza. Changanya hiyo na komyuniti na ada inaweza kuisha kabisa hata kama Pell hukupata.

#9 Mzalendo_Ubungo

Mkuu nondo nzito. Mimi nina mdogo wangu huko, anataka kumaliza haraka kisha arudi kutafuta kazi serikalini. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wakiona digrii iliyokusanywa kusanywa hivi, wataitambua? Na hivi vyuo vya mtandaoni si ndivyo vinavyouza vyeti?

#10 Mwanakigoma_MI

Mkuu umeuliza la msingi.

Digrii inatolewa na chuo kimoja, na TCU wanaangalia chuo hicho: kimetambuliwa nchini kwake, kina ithibati, programu ikoje. Krediti zilizohamishwa zinaonekana kwenye transkripti kama zilizohamishwa, hakuna kinachofichwa. Kwa hiyo mdogo wako ahakikishe chuo cha mwisho kina ithibati inayotambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani. Wana hifadhidata ya wazi mtandaoni, na CHEA, baraza la ithibati za vyuo huko, nao wana ya kwao. Akute jina la chuo humo, herufi kwa herufi, maana wauza vyeti wanapenda majina yanayofanana na ya vyuo vikongwe. Atunze vyeti vyake vya kidato cha nne na cha sita, TCU watavihitaji. Na kwa sababu anarudi, ningemshauri awaandikie TCU mapema kabla hajachagua programu ya mtandaoni mtupu. Kwa Wakenya, mambo ya kutambua vyeti vya nje yako KNQA, mamlaka ya sifa za kitaaluma ya Kenya.

Kuhusu kuuza vyeti: usiwaweke wote kapu moja. Western Governors ilianzishwa 1997 na magavana wa majimbo 19, si ya kibiashara, unalipa kwa miezi sita na unasoma kozi nyingi unavyoweza ndani ya muda huo. Excelsior ya New York ni ya 1971, Thomas Edison State ya New Jersey ni ya umma tangu 1972, Charter Oak ya Connecticut ni ya umma tangu 1973. Hizi tatu ziliundwa makusudi kwa ajili ya watu wazima wenye krediti zilizotawanyika, na ndizo zinazopokea nyingi kuliko karibu wengine wote. Zina ithibati. Anayekuahidi digrii kwa "uzoefu wa maisha" ndani ya wiki mbili bila mtihani wowote, huyo ndiye wa kukimbia.

#11 Binti_Uvira

Kaka nimefungua jedwali la chuo cha hapa. Kifaransa wameandika krediti 6 kwa 50, na safu ya nne imeandikwa namba mbili za kozi za FR. Nimesoma vizuri?

#12 Mwanakigoma_MI

Umesoma vizuri sana dada. Namba mbili maana yake umefuta kozi mbili kamili. Angalia chini ya jedwali kama kuna maelezo madogo kuhusu wazungumzaji wa lugha, na uwaandikie barua pepe kuuliza hilo tu, ukitaja kwamba sekondari ulisomea kwa Kifaransa. Wakikubali, jisajili. Fanya mtihani wa majaribio kwanza ili uzoee lile zoezi la kusikiliza, kwa sababu Kifaransa cha sauti zao kina kasi tofauti na cha walimu wetu.

#13 Baba_Watatu_OH

Mkuu, na hawa watoto? Wa kwangu wa kwanza ana miaka 16, yuko Columbus. Naona asingoje mpaka afike huko kwenye ada.

#14 Mwanakigoma_MI

Baba, uko mahali pazuri. Ohio wana College Credit Plus: mwanafunzi wa sekondari, kuanzia darasa la saba kwa yule aliye tayari, anasoma kozi za chuo, na kwenye vyuo vya umma familia hailipi ada wala vitabu. Nenda kamwone mshauri wa shule, kuna tarehe ya kutoa taarifa ya nia kila mwaka na ikipita inakuwa tabu. Minnesota wana mpango wa namna hiyo tangu 1985, Washington wana Running Start.

Kuna pia AP, kozi za ngazi ya chuo zinazofundishwa sekondari, na mitihani yake ni ya mwezi wa tano pale pale shuleni. Alama ni 1 hadi 5, vyuo vingi vinatoa krediti kuanzia 3, vile vigumu vinataka 4 au 5. Familia yenye kipato kidogo inapunguziwa ada ya mtihani, ukiuliza.

Tofauti moja ya kumweleza kijana kabla hajasaini: kozi ya College Credit Plus inaweka alama kwenye transkripti ya chuo, ya kudumu. Akipata D akiwa na miaka 16 itamfuata mpaka anapoomba msaada wa fedha na shule za juu. Kwa hiyo aanze na kozi moja ya somo analoliweza, muhula wa kwanza, na shule iendelee kama kawaida. Akionekana anamudu, mwaka unaofuata aongeze. Nitumie PM jina la chuo kilicho karibu nanyi, nikusaidie kupata ukurasa wa tarehe.